Treni Imefika Wapi?

Mungaa haina stesheni. Mtu wa tarafa hii ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, akitaka kupanda treni ya Reli ya Kati, au akimngojea mgeni atokaye Kigoma, sharti afunge safari hadi Manyoni. Hapo, kwa miaka mingi, swali la kwanza kwenye dirisha la stesheni masta lilikuwa moja: treni imefika wapi? Jibu nalo lilikuwa na mpaka wake. Stesheni masta aliweza kusema treni imeondoka Itigi saa fulani, au imepita Saranda saa fulani. Yanayoendelea kati ya stesheni mbili aliyajua dereva, gadi wake na abiria waliomo, basi.

Kimya hicho cha katikati ndicho chenye historia inayosimuliwa hapa. Masimulizi ya reli hujaa injini, madaraja na wahandisi, na ni haki yao. Lakini reli ya njia moja, ambayo treni ziendazo na zirudizo zinakanyaga chuma kile kile, huhitaji kitu kingine ambacho hakionekani kwenye picha za ukumbusho. Huhitaji neno. Mtu wa stesheni ya mbele amwambie wa nyuma kwamba njia ni tupu, na neno hilo lifike, lieleweke, lisigeuke njiani.

Wajerumani walianza kutandika Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1907 ilikuwa Morogoro, mwaka 1912 Tabora, na mwanzoni mwa 1914 ikagusa maji ya Ziwa Tanganyika pale Kigoma, kilomita zipatazo 1,250 kutoka bahari. Sehemu ya safari hiyo ni ngumu kwa macho na kwa injini: treni itokayo Dodoma hupita tambarare ya Bahi, Kintinku na Makutupora, kisha kuanzia Saranda huanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Manyoni juu. Pembeni mwa reli zilisimama nguzo za simu ya maandishi. Stesheni moja ikazungumza na nyingine kwa waya huo.

Miaka ya 1930, chini ya Waingereza, Manyoni ikazaa tawi lililoelekea kaskazini, likikata nchi ya Wanyaturu hadi Kinyangiri, huko kwa Wanyiramba. Tawi hilo halikudumu. Reli ziling'olewa, na kizazi kizima cha Singida kikakua kikiona tuta tu. Baadaye njia ilijengwa upya, safari hii ikaishia Singida mjini, na ndiyo inayopita leo katika Wilaya ya Ikungi. Kwa hiyo watu wa Mungaa na jirani zao wamewahi kuwa na reli, wakanyang'anywa, wakarudishiwa. Wanajua kwamba kilichowekwa kinaweza kuondoka.

Fikra ya kuongoza treni kwa ujumbe wa waya ilikwisha kuwa na umri wa zaidi ya nusu karne Wajerumani walipoanza kutandika reli yao. Mwaka 1851, katika jimbo la New York, msimamizi wa reli ya Erie aitwaye Charles Minot alikuwa ndani ya treni iliyokwama ikiingoja nyingine itokee upande wa pili. Alituma simu stesheni ya mbele kuuliza kama treni hiyo imefika. Alipojibiwa bado, akaagiza izuiwe hapo, yeye asonge mbele. Dereva akakataa. Hakuwa tayari kuhatarisha roho yake na za abiria kwa sababu ya waya. Minot ilibidi akamate usukani wa injini mwenyewe, na dereva, kama inavyosimuliwa, akaenda kukaa siti ya nyuma kabisa.

Mtu asimcheke dereva yule. Hofu yake ilikuja kuthibitika Uingereza usiku wa Septemba 10, 1874, karibu na Norwich, mahali paitwapo Thorpe. Mkaguzi wa zamu alimpa karani wa simu ujumbe wa kuruhusu treni ya upande wa pili ije, lakini hakuusaini. Karani akautuma. Mkaguzi aliporudi kuufuta, treni zote mbili zilikuwa zimekwisha kuingia kwenye njia moja. Watu 25 walikufa. Waya haukukatika, mashine haikuharibika, na maneno yalifika kama yalivyoandikwa. Yalifika mapema mno, na hapakuwa na njia ya kuyafuatilia ndani ya treni zilizokuwa zikienda kasi gizani.

Ndipo Edward Tyer alipobuni kifaa alichokipatia hataza mwaka 1878. Kila stesheni ina mashine yenye vipande vya chuma, na mashine mbili za jirani zimeunganishwa kwa waya. Kipande kimoja kikitolewa upande wowote, mashine zote mbili hujifunga hadi kipande hicho kirudishwe. Dereva asiye na kipande mkononi haruhusiwi kuingia njiani. Vipande vya namna hiyo, ambavyo wafanyakazi huviita tokeni, vilienea katika reli za makoloni. Uzuri wake ni kwamba neno limegeuzwa kuwa kitu cha kushika. Hakuna kusahau kusaini. Chuma kipo au hakipo.

Mashine hizo zikishindwa, au mahali ambapo hazijawekwa, kuna karatasi. Stesheni masta wa Saranda humwita wa Manyoni na kumwomba njia. Wa Manyoni huangalia daftari lake, akijiridhisha kwamba treni ya mwisho imetoka yote hadi behewa la mkia, ndipo anaitoa njia. Maneno huandikwa pande zote mbili pamoja na saa, kisha hati ya ruhusa hukabidhiwa dereva. Ni utaratibu wa kuheshimiwa. Lakini umesimama juu ya mambo mawili: kwamba hao wawili wanasikiana, na kwamba mtu anayesikia usingizini au kwenye kelele hatajaza mwenyewe maneno ambayo hakuyasikia.

Ama kuhusu kusikiana, adui wa kwanza wa waya Afrika Mashariki hakuwa radi. Reli ya Uganda ilipofika nchi ya Wanandi mwanzoni mwa karne ya 20, waya wa simu uligeuka pambo la shingo na mikono, na misumari ya reli ikawa silaha. Watu waliokuwa wakiipinga reli waliona hakuna sababu ya kuacha chuma kizuri kikae bure angani. Miaka mia moja baadaye waya wa shaba wa mashirika ya reli, simu na umeme Tanzania uliibwa kwa sababu nyingine kabisa: shaba ina soko. Hasara huhesabiwa kwa mita za waya na bei ya kilo. Hesabu hiyo ni pungufu. Kila kipande kinachokatwa kati ya stesheni mbili kinaziacha hizo stesheni bila ulimi, na mlinzi wa usalama wa abiria mia kadhaa anabaki kubahatisha.

Kwa hiyo redio ilipokuja reli zilikuwa na kiu nayo. Ukipeleka neno kwa hewa, huna nguzo ya kukatwa. Hospitali za misheni na polisi wa mikoani walikuwa na zao, redio koli, na Flying Doctors wa AMREF walijenga mtandao wa namna hiyo Afrika Mashariki nzima tangu miaka ya 1960. Shida zake zinaeleweka vizuri Mungaa na kwingineko Singida hata kwa mtu ambaye hajawahi kuigusa redio koli, maana ni shida za kila aliyesikiliza habari za London au Cologne kwa Kiswahili kwenye masafa mafupi. Sauti ya jioni inapanda na kushuka kama mtu anayezungumza huku akitembea nyuma ya mawe. Mchana stesheni inayosikika usiku imetoweka. Wingu la mvua likisimama, spika inakaanga.

Sauti hupotea hivyo kwa sababu ile ile kwa wote. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda juu, yakagonga tabaka la hewa lililochajiwa na jua, yakarudi ardhini mbali sana. Jua likichwa tabaka hilo hubadilika, na njia ya sauti hubadilika nalo. Kwa mtangazaji wa London ni usumbufu mdogo. Atarudia habari saa inayofuata. Stesheni masta anayetaka kumjulisha mwenzake kwamba tuta limelika hana hiyo saa inayofuata.

Redio za mawimbi mafupi zaidi, zile zinazobebwa mkononi au kufungwa kwenye injini, husikika safi kabisa, tena usiku na mchana. Nazo zina sharti: huenda moja kwa moja kama macho yaonavyo. Kilima kikisimama katikati, mazungumzo yamekwisha. Singida ni nchi ya mawe makubwa ya matale na mabonde yenye mbuga. Ukuta wa Saranda ni kilomita chache tu kutoka uwanda wa Bahi lakini kwa mawimbi haya ni kama pazia la chuma. Dawa yake ni mnara juu ya kilima, unaopokea sauti upande huu na kuitupa upande wa pili. Mnara unataka umeme, betri, paneli ya jua, ua na mtu wa kuutazama. Hivyo wizi uliokimbiwa kwenye nguzo unakutwa tena kileleni, maana betri na paneli vina soko kama shaba.

Jumatatu, Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikielekea Dodoma na mikoa ya magharibi ilikuwa ikipanda milima ya Igandu, Dodoma, baada ya kupita stesheni ya Msagali. Ndani yake walikuwemo watu zaidi ya 1,200. Ni treni ambayo msafiri wa Singida angeshukia Manyoni. Ilisimama kwa matatizo ya breki. Kisha ikaanza kurudi nyuma, polepole, halafu kasi, ikiteremka mlima wote iliokuwa imeupanda, hadi ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake kwenye njia ile ile. Watu 281 walikufa. Nchi haijawahi kupata ajali ya treni kubwa kuliko hiyo. Baadhi ya waliokufa hawakutambulika, wakazikwa pamoja Dodoma.

Chanzo kilikuwa breki, na ni wajibu kulisema hilo wazi ili redio isibebeshwe lawama isiyo yake. Lakini Igandu inafundisha kitu kuhusu mawasiliano ambacho vitabu vya kanuni vya karne ya 19 havikukifikiria. Tokeni, karatasi na daftari vyote vinamlinda dereva kabla hajaingia njiani. Vinauliza: je, aende? Treni inayorudi nyuma bila breki imekwisha kuingia, imepewa ruhusa halali, na sasa imekuwa jambo jingine. Dereva wake anatazama mbele huku hatari iko upande wa mkia. Anayepaswa kujua ni dereva wa treni ya nyuma, anayepanda akiwa na hakika yake, na stesheni iliyo kati yao. Hata akijua, onyo lina maana ikiwa tu bado kuna stesheni karibu yenye njia ya kupishana, ambapo anaweza kupisha, au muda wa watu wake kuruka. Hapo neno linapimwa kwa dakika, si kwa stesheni.

Mwezi mmoja kabla yake, Mei 25, 2002, pale Tenga nchini Msumbiji, mabehewa ya abiria yaliyotenganishwa na ya mizigo yaliserereka vivyo hivyo mlimani na kuua watu 192. Mlima hauulizi bendera ya shirika.

Norway, nchi tajiri, ilikuwa imelipia somo hilo hilo miaka miwili nyuma. Januari 4, 2000, kwenye njia moja ya Røros, treni mbili za abiria zilikuwa zikikaribiana karibu na Åsta. Katika chumba cha uongozaji mjini Hamar, onyo liliandikwa kwenye skrini kwa maandishi mekundu, bila mlio wowote, na dakika zikapita kabla mwongozaji hajaliona. Njia ile haikuwa na redio ya treni. Kilichokuwepo ni simu za mkononi za wahudumu, na namba zao hazikuwa mahali alipotarajia kuzikuta. Alipokuwa akihangaika nazo treni zikagongana. Walikufa 19.

Kisa hicho kinastahili kukumbukwa na kila anayesema siku hizi kwamba reli haihitaji redio yake kwa kuwa kila mtu ana simu. Simu ya mkononi humpigia mtu mmoja ambaye namba yake unayo, akiwa na mtandao, chaji na salio, na kama hazungumzi na mwingine. Redio ya treni iliyotengenezwa ipasavyo humfikia dereva yeyote aliye katika sehemu hiyo ya njia, hata kama mpigaji hajui ni nani. Kubonyeza kitufe kimoja kunatosha. Umbali kati ya hatua hiyo na kutafuta namba kwenye karatasi ndio uliokuwa umbali wa Åsta.

Kati ya Kilosa na Gulwe, mto Mkondoa umeifanya kazi ya kuwakumbusha Watanzania jambo hilo karibu kila masika makubwa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalikata reli pale na kusimamisha safari kwa miezi. Tuta huliwa usiku. Treni iliyoruhusiwa kihalali saa moja iliyopita inaweza kukuta reli zinaning'inia juu ya maji. Anayeona kwanza mara nyingi ni mfanyakazi wa njia au mwanakijiji wa karibu. Habari yake inafika vipi kwa dereva? Na wafanyakazi wa njia wenyewe, wanaokwenda kukagua kwa kiberenge, ni watu walio hatarini kuliko wote: chombo chao ni chepesi na chepesi pia kusahaulika. Machi 2020, mkoani Tanga, kiberenge kiligongana na treni ya mizigo na wafanyakazi wa reli wakapoteza maisha.

Reli mpya ya kisasa imejibu swali la stesheni masta kwa namna ambayo Minot asingeiota. Safari za abiria za treni ya umeme zilianza kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, zikafika Dodoma Julai 25 mwaka huo huo. Kipande cha pili, kutoka Morogoro, kilipangwa kuishia Makutupora, ndani ya Mkoa wa Singida. Mfumo wa kuongoza treni uliochaguliwa ni wa Ulaya, ambamo taa za pembeni si tegemeo kuu tena. Vifaa vidogo vilivyofungwa katikati ya reli huiambia treni mahali ilipo. Treni huiambia kompyuta ya uongozaji kwa redio. Kompyuta huirudishia ruhusa ya kwenda mpaka hatua fulani na kwa mwendo fulani, inayoonekana mbele ya dereva. Akizidisha, breki zinajifunga. Redio ikinyamaza kupita muda uliowekwa, treni inajizuia yenyewe. Kimya, ambacho zamani kilimaanisha endelea na ruhusa uliyopewa, sasa kinamaanisha simama. Katika historia yote hii hakuna badiliko kubwa kuliko hilo.

Halimaanishi kwamba kazi imekwisha. Poland ilipata habari hiyo usiku wa Agosti 25 kuamkia 26, 2023. Reli zake zilikuwa bado zinatumia redio ya zamani isiyo na ufunguo wa siri, yenye mlio maalumu wa sauti tatu ambao ukisikika, kila treni iliyo karibu hufunga breki. Watu wasiohusika waliutoa mlio huo hewani karibu na Szczecin, na treni zipatazo 20 zikasimama. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa mfumo ulifanya ulichoagizwa: ulisimama. Ila mlinzi anayemtii yeyote anayejua neno la siri linalojulikana na wote ni mlinzi wa kutiliwa shaka. Redio ya reli mpya za Tanzania ni ya kizazi cha baadaye, yenye ulinzi zaidi, nayo ina kikomo chake. Imejengwa juu ya teknolojia ya simu za kizazi cha pili, watengenezaji waliahidi kuihudumia angalau hadi 2030, na reli za Ulaya tayari zinaandaa mrithi wake. Kilomita 368 za Makutupora hadi Tabora, zinazopita juu ya Manyoni na Itigi, zinajengwa huku saa hiyo ikihesabu.

Wakati huo huo reli ya zamani haijaondoka. Mizigo ya Mwanza na Kigoma bado inapanda Saranda juu ya njia ya upana wa mita moja, na tawi la Singida bado linakata mashamba ya alizeti ya Ikungi. Huko ndiko ambako mnara mmoja wa kilimani ukizimika betri, stesheni mbili zinarudi mwaka 1912, tena bila ule waya. Gharama ya kuubadilisha ni chembe mbele ya bei ya treni moja ya umeme, lakini haina sherehe ya kukata utepe, na ndiyo maana ni rahisi kuisogeza hadi bajeti ijayo. Dereva anayeupanda mlima usiku wa masika, akiwa na mabehewa nyuma na kitufe cha redio mkononi, anataka kujua jambo moja tu: akikibonyeza, nani atamsikia?